Gari jipya Dar: waksi au silanti?

Kwa gari linalolala nje Dar es Salaam, mimi nachagua silanti. Zote mbili hupakwa juu ya rangi ya gari ili kuilinda na kuing'arisha.

Waksi nzuri hutengenezwa kwa nta ya carnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazil. Mng'ao wake ni mzito na wa joto, hasa kwenye rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva. Hapo silanti haiifikii. Tatizo ni jua letu. Boneti ikishinda juani, nta hulegea na kuisha ndani ya wiki chache, na wale vijana wa kuosha magari wakitumia sabuni ya unga, inaondoka mapema zaidi.

Silanti ni polima, yaani kemikali ya jamii ya plastiki, ya kiwandani. Inashika rangi vizuri na kwa kawaida hudumu miezi minne hadi sita, ingawa chumvi ya baharini na vumbi huipunguzia muda. Mng'ao wake ni mkali, kama wa kioo. Ila inataka subira: osha gari, likauke kabisa, paka kivulini tabaka jembamba, futa kwa kitambaa laini, kisha lisiguse maji kwa saa kadhaa kama kopo linavyoelekeza.

Ukitaka vyote, anza na silanti, waksi ije juu yake. Ukigeuza, silanti haitashika, maana nta inaizuia kufika kwenye rangi.

Kinyesi cha ndege kifute siku hiyohiyo, uwe umepaka lolote. Kikikaukia juani kinaacha alama, na tafadhali usikikwangue kikavu: kiloweshe kwanza.