"Natengeneza magari, sitengenezi nyumba": uzoefu wangu na gereji moja ya Arusha

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndiyo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika nikiwa nazo. Kama mnaishi ndani ya gari kama sisi, au mna mpango wa kununua Coaster iliyochoka muigeuze makazi, someni hadi mwisho kabla hamjamkabidhi mtu ufunguo.

Mimi na mume wangu hatuna chumba cha kupanga popote. Tunaishi kwenye Coaster: kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, cherehani yangu karibu na mlango, sola juu ya paa. Yeye anafunga sola, mimi nashona, na gari ndilo linalotufikisha kwa wateja. Watu wanatushangaa, tumeshazoea.

Injini ya Coaster haikai mbele chini ya boneti kama ya gari dogo. Ipo ndani, katikati ya dereva na abiria wa mbele, chini ya mfuniko. Fundi akitaka kuigusa lazima aingie ndani, na ndani ndiko tunakolala. Ndiyo maana tulipoipeleka kwenye gereji moja upande wa Unga Limited, hosi ya juu ya rejeta ikiwa imeanza kuchanika, tulianza na maombi kabla ya bei: tandikeni maboksi chini, msiguse nguo yoyote, mkimaliza fungeni mfuniko vizuri. Msimamizi aliitikia yote. "Hakuna shida mama, hakuna shida."

Jioni nilikuta nyayo za oili kuanzia mlangoni hadi kitandani. Na kitandani kwenyewe kuna mtu alikuwa amekaa na ovaroli lake, alama ilikuwa pale pale kwenye shuka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatukupewa, tuliambiwa mashine ina tatizo la mtandao, tukaandikiwa kikaratasi kwa kalamu. Kwenye kikaratasi hicho pameandikwa hosi mpya, klipu mpya mbili za kuibana na kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Yashikeni hayo, nitayarudia.

Kesho yake tulikuwa tunakwenda Moshi. Nilikuwa na magauni ya sendoff: la binti mwenyewe, la mama yake na la shangazi zake. Sherehe ilikuwa siku inayofuata. Nilikuwa nimeyaning'iniza nyuma ya viti vya mbele, kwa sababu hapo ndipo gauni refu linaponing'inia bila kujikunja.

Asubuhi ilikuwa nzuri sana, lazima niseme. Barabara pana hadi Tengeru, tukanunua parachichi, tukapita Usa River na Maji ya Chai taratibu kwa hamsini zile za vibao, Meru nyuma yetu imefunguka yote. Mume wangu alikuwa anaimba. Tulipoiacha Kikatiti akanyamaza. Nikamtazama, naye alikuwa anatazama mshale wa joto.

Kwa asiyeijua barabara hii: Arusha mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Moshi ni mia nane na kitu. Ukijumlisha yote, kilomita karibu 80 hizo ni za kushuka. Gari hili limepanda ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu likiwa na tanki la maji lililojaa na halijawahi kulalamika. Halafu leo linachemka kwenye mteremko, siku moja baada ya kutoka kwa fundi wa rejeta! Msiniambie ni bahati mbaya.

Akaanza kutafuta pa kuegesha. Kabla hatujasimama vizuri, ikalia "puu!" chini ya mfuniko, na nyumba ikajaa mvuke. Nasema nyumba, kwa sababu ndivyo ilivyo. Komeo moja la mfuniko lilikuwa halijafungwa, na kwenye ule mwanya maji ya moto yakaruka juu, yakapiga viti na magauni.

Tulitoka nje, tukaweka pembetatu, tukasubiri injini ipoe. Hapo hakuna ujanja. Rejeta inafanya kazi kwa presha, mfuniko wake unayabana maji ili yasichemke hata yakizidi nyuzi 100. Hosi ikichomoka presha inaisha papo hapo na maji yanageuka mvuke. Ukikimbilia kumwagia injini maji ya baridi wakati ule, unaweza kupasua silinda hedi, na hapo ndipo makazi yanapogeuka chuma chakavu. Askari wa usalama barabarani wawili walitupitia, wakatupa pole, wakatuambia tusogeze pembetatu mbali zaidi. Watu wastaarabu kabisa.

Injini ilipopoa mume wangu akafunua. Hosi ilikuwa mpya kweli. Klipu ilikuwa ile ile ya zamani, imeliwa na kutu, na juu yake wamezungusha waya wakaukaza kwa koleo. Kulanti hapakuwa na hata tone. Yaliyomwagikia gauni la mama wa binti yalikuwa maji ya bomba yenye kutu, rangi ya chai.

Nikampigia msimamizi. Nilijitahidi kuongea vizuri, Mungu anajua. Nikamweleza kuhusu waya, nikamweleza kuhusu komeo, nikamwambia maji ya moto yameingia ndani ya nyumba yetu na kazi ya mteja imeharibika. Akanisikiliza, akacheka kidogo, akasema: "Dada, mimi natengeneza magari, sitengenezi nyumba. Nyumba mpelekee fundi ujenzi." Akakata simu.

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani kila ninapofungua mfuniko ule. Klipu ningeweza kusamehe, klipu ni kitu cha dukani. Lakini mtu aliyeniitikia "hakuna shida mama" akiwa anahesabu pesa yangu, ananiambia mahali ninapolala si nyumba? Alikiona kitanda. Aliyaona masufuria yetu. Kijana wake alikaa kwenye shuka letu! Angekuwa ameingia kwenye sebule ya mtu yeyote kule Njiro akaacha nyayo za oili, angeomba radhi kwa magoti. Kwetu anacheka. Mpaka hapo nilikuwa nimeshaamua nitaandika nini: msiende, msikanyage, mkipita pale fungeni vioo.

Sasa hapa ndipo linaponiwia gumu. Baada ya muda bodaboda ikasimama mbele yetu, akashuka kijana mmoja wa gereji ile ile. Sio aliyefanya kazi yetu, huyu kazi yake ni breki, nilikuwa nimemwona siku ile chini ya gari jingine. Alisikia simu ile kwa sababu alikuwa amesimama pale pale. Akanunua klipu mbili kwa pesa yake, akapanda boda hadi kule nje ya Kikatiti. "Poleni sana kaka, pole dada," akavua viatu mlangoni, akaomba gazeti la kupigia magoti. Hakuna aliyemwambia avue viatu. Alifunga hosi, akajaza maji polepole injini ikiwa inaunguruma ili hewa itoke, akasubiri hadi mshale ukatulia katikati, akafunga makomeo yote na kuyavuta moja moja kwa mkono. Kisha akaomba kitambaa afute sakafu. Mume wangu alimpa pesa akakataa, tukamlazimisha nauli tu.

Kwa hiyo niseme gereji ni mbaya? Huyo kijana ni wa gereji ile. Nilipokuwa napita Boma Ng'ombe nilikuwa tayari nimelegea, nikamwambia mume wangu labda tutarudi, tumwombe yeye, tusionane na ofisi. Moshi tulifika jioni. Nilishona usiku, gauni la mama likakatwa chini likawekwa lesi, na mwenyewe alilipenda, nashukuru.

Usiku huo huo ukaingia ujumbe wa msimamizi: tumtumie hela ya muda wa fundi wake kutoka kazini. Hela! Ya klipu ambazo nilishazilipia na sikuwekewa! Nilimjibu kwa picha ya kikaratasi chake na picha ya ule waya. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na risiti ya EFD sijaipata.

Basi nimefuta "labda" yangu. Hatutarudi. Jina la gereji siliandiki, jina la kijana pia siliandiki nisije nikamponza kazini. Wenye Coaster za kuishi, mkipeleka gari popote upande ule, kabla ya kulipa fungueni mfuniko wenyewe mkamulike klipu za hosi kwa tochi. Na kijana wangu, ukisoma hapa, siku ukifungua gereji yako tupigie, namba unayo. Breki zetu zinahitaji mtu.