AudioMoth msituni Arabuko-Sokoke: kinasa sauti kizuri, mtihani ni saa

Mwaka 2022 bundi wa msitu wa mvua wa kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, alipewa jina la kisayansi: Otus bikegila. Kumwona ni shida. Kilichomfichua ni mlio wake mfupi unaorudiwa karibu kila sekunde, na vinasa sauti vilivyotegwa kisiwani vikasaidia kuonyesha kwamba makazi yake ni kama kilomita 15 za mraba tu. Jina hilo ni la Bikegila, askari wa hifadhi ambaye zamani alikuwa mvuna makinda ya kasuku. Huku kwetu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke wa pwani ya Kenya, bundi mdogo wa Sokoke ana tabia ileile ya kusikika kuliko kuonekana, kwa hiyo kifaa cha kumsikiliza usiku kucha kina kazi.

AudioMoth ni kinasa sauti: kibao cha elektroniki cha milimita 58 kwa 48, chenye betri tatu za AA na nafasi ya kadi ndogo ya kumbukumbu. Pamoja na betri kina uzito wa gramu 80 hivi. Kinauzwa kikiwa uchi, kasha ni la kununua kando. Usijaribu kubana matumizi hapo: mfuko wa plastiki hufifisha sauti za juu na hukusanya jasho ndani, na hewa ya chumvi ya pwani haisamehe shaba.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni saa. Programu ya kompyuta ya kukipanga huja ikiwa kwenye UTC, yaani saa za kimataifa, na Kenya iko saa tatu mbele. Ongeza na saa zetu za Kiswahili, utapata vurugu ya aina yake. Saa moja usiku ni 19:00, na kwenye UTC ni 16:00. Anayeandika 01:00 akidhani ameandika saa moja, kifaa kitaanza saa kumi usiku na kuikosa jioni yote, wakati ambao bundi huita sana. Ama badilisha mpangilio uwe wa saa za hapa, ama andika hesabu kwenye karatasi kabla ya kutoka. Tena, ukichomoa betri saa inapotea. Anayekwenda kubadilisha betri msituni abebe kompyuta, au simu yenye programu ya kuiweka saa kwa mlio.

Kwa bundi, kipimo cha 16 kHz (sauti ikipimwa mara 16,000 kwa sekunde) kinatosha kabisa. Saa moja ya kurekodi inachukua MB 115. Usiku wa saa kumi, GB 1.15, kadi ya GB 32 inafika usiku 27. Ukipanda hadi 48 kHz, kadi hiyohiyo inajaa kwa usiku tisa. Popo ni habari nyingine: kwa 256 kHz inajaa kwa saa 17 tu. Programu hukadiria pia umeme utakaotumika kwa siku kwa mAh, kipimo kilekile cha uwezo wa betri, kwa hiyo gawanya uwezo wa betri kwa namba hiyo upate siku, kisha punguza kidogo. Kadi za bei ya kutupa zinaruka vipande vya sauti bila kukuambia.

Kukitega kunahitaji kuujua msitu. Upande wa mashariki, karibu na Gede, ni msitu mchanganyiko. Katikati ni mrihi kwenye mchanga mweupe. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni vichaka vizito vya miti ya Cynometra. Bundi wa Sokoke ni wa huko kwenye udongo mwekundu. Kinasa sauti kikikaa wiki mbili Gede bila mlio wake, hakijathibitisha lolote, ila komba wanapiga kelele na malori ya barabara ya Mombasa nayo hayalali. Funga kwa mkanda (usipige msumari mti wa hifadhi) kwenye shina jembamba, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, mbali na majani yanayogusa kasha upepo ukivuma. Acha mita 500 kati ya kifaa na kifaa usije ukahesabu ndege mmoja mara mbili. Njia yenye kinyesi cha tembo iepuke. Tembo haheshimu mkanda.

Usikilizaji ndio unaochosha. BirdNET, programu inayotambua ndege kwa sauti, hupunguza kazi, lakini matokeo yake yachukue kama dokezo: fungua kila kipande kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tazama picha ya sauti, sikiliza kwa masikio.

Bei ni nafuu kuliko vinasa sauti vingi vya utafiti, ila huagizwa ng'ambo, hivyo ongeza usafirishaji na ushuru. Anza na viwili, kimoja kikiwa cha akiba. Na kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) pamoja na ruhusa ya KFS (shirika la misitu) na KWS (shirika la wanyamapori) viombwe kabla ya kuagiza, kwa maana kifaa huweza kufika Malindi karatasi zikiwa bado Nairobi.