Uzoefu wangu: nimepeleka klabu yetu ya magari kwenye otokrosi hapa Dodoma, tukiwa wageni

Jumapili iliyopita nimepeleka klabu yetu kwenye otokrosi, gari tisa watu kumi na nne, wote wageni, hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa huu mchezo, na toka siku ile simu yangu haipumziki watu wanauliza ilikuwaje na je wakitoa hela yao inalipa. Basi naandika yote, yaliyonifurahisha na yaliyonikera, maana mi ndo niliyewashawishi hawa watu na najua kuna viongozi wengine wa klabu wanafikiria kupeleka wa kwao.

Kwa ambaye hajui, otokrosi sio kufukuzana. Unaingia peke yako kwenye uwanja wa lami, njia imechorwa kwa koni, unaipita yote saa inahesabu, ukimaliza unatoka anaingia mwingine. Kwa majirani zetu Kenya otokrosi iliyozoeleka ni ya kwenye vumbi na wana mpaka bagi, vile vigari vya wazi vya kukimbilia kwenye vumbi, hii tuliyoenda ni ya koni kwenye lami, ile ambayo Marekani chama chao cha mchezo wa magari, SCCA, wanaiita Solo. Spidi sio kubwa kivile, gari nyingi zinaishia gia ya pili, nadhani sehemu ya kasi kuliko zote mi nilifika 70 hivi na hapohapo nikawa natafuta breki. Kiingilio kilikuwa elfu 50 kwa dereva, dereva wa pili kwenye gari hiyohiyo elfu 30, na hiyo ya dereva wa pili ndo iliyotuokoa kama nitakavyoeleza.

Tulikutana saa 12 na nusu asubuhi sheli ya barabara ya Morogoro tukaenda kwa msafara mpaka uwanjani, yadi kubwa ya lami nje kidogo ya mji. Kulikuwa na upepo ule wetu wa mwezi wa nane, mnaujua, unaobeba mchanga mwekundu unamwaga popote, na kitu cha kwanza nilichokiona nikaanza kuwaamini hawa waandaaji ni vijana wanne na mafagio wanafagia lami. Sio kufagia kwa kuonekana, wanafagia mpaka pembeni kwenye kona, na walirudia kila baada ya kundi kumaliza maana mchanga kidogo tu kwenye lami tairi inateleza kama umemwaga maharage.

Ukaguzi wa gari sasa. Hapa ndo nataka nikae kidogo.

Kwanza wanakwambia toa kila kitu kisichofungwa. Tukatandika turubai, aisee vitu vilivyotoka kwenye zile gari tisa! Spea tairi, jeki, dumu la lita tano, viatu, kapeti za miguuni, vitabu vya watoto, mwamvuli. Chini ya siti ya dereva ya mwenzetu mmoja ikatoka chupa ya maji ya nusu lita, mkaguzi akaiokota akaiweka chini ya pedeli ya breki akamwambia haya kanyaga. Pedeli haikushuka. Wote tukanyamaza. Ile gari imeshaenda Singida na kurudi sijui mara ngapi na ile chupa ipo hapo inazunguka.

Halafu wanafungua boneti wanatingisha betri kwa mkono. Yangu mimi ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tyubu, fundi wangu ndo aliifunga hivyo, mkaguzi akasema hapana hii ikichomoka kwenye kona inagusa bodi inapiga shoti, wakanitafutia kibano cha chuma wakakaza pale pale bila kunidai kitu. Nati za tairi wanazipitia zote moja moja na sipana. Wanaangalia kama oili inavuja, wanaangalia mkanda.

Ikafika zamu ya mzee wetu wa Crown. Huyu ndo mkubwa wetu kwa umri kwenye klabu, mtu tunayemheshimu sana, gari yake inang'aa muda wote hata siku ya vumbi. Kijana mkaguzi akamsalimia, shikamoo mzee, akapiga magoti mchangani nyuma ya gari akafuta ubavu wa tairi kwa kitambaa zikatokea namba nne, 2312. Akamweleza, mzee hii ni wiki ya 23 mwaka 2012. Mzee akasema lakini ina meno bado, kijana hakubishana nae, akamshika mkono taratibu akampitisha kidole kwenye ubavu wa tairi pale inapokutana na meno, kulikuwa na nyufa ndogondogo zimezunguka tairi nzima, ukiwa umesimama huzioni kabisa ila kidole kinazisikia. Mzee akakaa na kidole chake pale muda mrefu. Alinunua zile tairi kwa muuzaji akiambiwa ni mpya.

Crown ikakataliwa. Nilijua siku imeharibika maana mzee kama yule kukatazwa mbele za watu na kijana wa umri wa mwanae sio jambo dogo, lakini walivyolisema kwa adabu akaelewa, na akaendesha Mark X yangu kama dereva wa pili. Ndo maana nikasema ile elfu 30 ilituokoa.

Kilichonikera kikubwa ni kilichofuata. Wenzetu wawili walikuja na Prado na Noah, nazo zikakataliwa, sababu ni kwamba gari iliyonyanyuka juu uzito wake uko juu, ukiikata kona kali upande huu na ghafla upande ule inaweza kulala. Sababu nimeielewa na nakubaliana nayo mia kwa mia. Ila niliwatumia waandaaji orodha ya gari zote siku kumi kabla, na aina zake nimeandika, kwanini hawakuniambia mapema? Kaka wa Noah aliahirisha safari ya Kondoa ili aje. Waliomba radhi, wakasema orodha ilipokelewa na mtu mwingine haikufika kwa wakaguzi, wakawaacha waendeshe gari za wenzao bila kulipa tena, ila mimi kama niliyewaleta niliumia na nimewaambia waziwazi. Ukipeleka klabu usitume orodha tu, piga simu uongee na mtu wa ukaguzi mwenyewe.

Baada ya hapo kutembea njia kwa miguu. Jamani hii msiikose, wenzetu watatu walienda kununua chapati na chai wakidhani ni kupoteza muda na raundi ya kwanza wote watatu walipotea, yaani umekaa chini kwenye gari unachoona mbele ni bahari ya koni hujui geti, yaani ile nafasi kati ya koni mbili unayotakiwa kupita, liko wapi. Ukipitiwa na geti moja raundi yako haihesabiwi. Wenyeji walitugawa watu watatu watatu, kila kundi na mtu wake, tunatembea anatuonyesha, koni zilizolazwa chini ncha zake zinakuonyesha upite upande gani, hapa utaanza breki, hapa usikimbilie koni ya kwanza subiri ya tatu. Aliyetuongoza sisi alikuwa anachuchumaa kila kona, anasema angalieni ukiwa kimo cha siti, ukiwa umesimama unadanganyika. Na kweli nilipochuchumaa ile kona ya mwisho niliyokuwa nimeona ni rahisi ikabadilika kabisa.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui ni kwamba hulipi ukakaa tu kusubiri zamu. Nusu wanaendesha, nusu wanafanya kazi uwanjani, halafu mnabadilishana. Mi niliwekwa kituo cha tatu na dada mmoja wa klabu yetu mwenye IST, tuna bendera nyekundu, redio, na mtungi wa kuzimia moto. Kila koni imechorewa chaki kuzunguka kitako chake. Gari ikiigonga koni ikasogea lakini imesimama na bado inagusa chaki yake haihesabiwi, ikilala au ikitoka nje kabisa ya alama ni sekunde 2 zinaongezwa, unatangaza kwenye redio halafu unakimbia kuirudisha kabla ya gari nyingine kufika. Na hairuhusiwi kuipa mgongo gari inayotembea, hata iwe mbali vipi. Lile saa moja na nusu pale juani nimejifunza kuendesha kuliko miaka yote niliyokaa na leseni, kwa sababu unaona gari ishirini zinapita kona ileile, unaona nani anaingia kwa fujo tairi zinalia na muda wake mbaya, na nani anapita kimya kimya unadhani amechoka kumbe ndo anaongoza.

Kuendesha kwenyewe tulipewa raundi nne kila mtu. Kila mgeni anakaa na mwenyeji siti ya pembeni, wote na helmeti. Wangu wa pembeni alikuwa mama mmoja mtulivu mno, hakunyanyua sauti hata mara moja, ni mkono tu unaonyesha, kule, kule, halafu anasema achia, achia, sasa kanyaga. Raundi ya kwanza sekunde 61.4 na koni mbili. Nilikuwa nakanyaga mafuta huku stelingi imekunjwa mpaka mwisho na gari haikunji, inaenda mbele tu. Akaniambia tairi ina kazi moja kwa wakati, ukiitaka ikunje usiiombe tena ikimbie. Hilo neno limenikaa. Raundi ya nne 55.0 hakuna koni.

Walitupaka pia chaki ya shule kwenye ubavu wa tairi za mbele, ukirudi unaangalia imefutika mpaka wapi. Yangu ilifutika mpaka karibu na maandishi, maana yake tairi inalala, nilikuwa na upepo wa PSI 32 wakanijazia mpaka 38, raundi iliyofuata gari ikawa inaitikia stelingi mara moja. Ukimaliza unapunguza kabla ya kurudi barabarani.

Sasa sikilizeni. Dada wa IST, injini ya 1300 tu ile, alipiga 54.1, wa kwanza kwetu sote, kashinda Mark X yangu, Altezza mbili na Impreza. Njia ilikuwa ya kubana na ile gari ni fupi na nyepesi, lakini sio gari peke yake, huyu dada alitembea njia mara tatu, mara ya tatu peke yake amefumba macho anahesabu na vidole. Alipotangazwa tulipiga kelele mpaka mishikaki ikaungua kwa yule kaka wa jiko. Kuna wanaume wawili kwetu walikuwa na tabia ya kumwambia gari yake ni ya sokoni, sijawasikia tena.

Na mzee. Raundi ya kwanza aliendesha kama anaenda kanisani, sekunde 74. Ya pili 66. Ya tatu akaangusha koni moja akashuka mwenyewe mwisho wa njia akarudi kumuomba radhi kijana aliyeisimamisha. Ya nne 58.9, akavua helmeti jasho linamtiririka, anatabasamu, akamtafuta yule mkaguzi wa asubuhi akampa mkono.

Mengine ya kulalamikia: kivuli. Turubai moja kwa watu karibu 60 kwa jua la Dodoma la saa saba haitoshi, nendeni na mwavuli wenu, kofia, na maji ya kutosha. Choo kimoja. Wageni tuliwekwa kundi la mwisho, kwa hiyo wengine walimaliza saa kumi jioni na uchovu, ningependa wageni waanze mapema wakati lami bado ina ubaridi na akili bado nzima. Helmeti za kuazima zilikuwa chache na zingine kubwa, mwenye ya kwake aende nayo. Mashine ya kuhesabu muda iligoma mara mbili, upepo ulisukuma kile kifaa cha mwanga pale mwisho wa njia, aliyeathirika alirudia raundi bila ubishi.

Kwangu mimi ni nne kati ya tano, ile moja imeondoka na Prado na Noah. Kwa elfu 50 sijui sehemu nyingine hapa mkoani utakapokaguliwa gari hivyo na kufundishwa na mtu amekaa pembeni yako siku nzima. Nina vijana kwenye klabu waliokuwa wanajaribu gari zao usiku barabara ya Iringa, nimeongea nao miaka hawasikii, na Jumapili ile wameona mahali gari inapoacha kukusikiliza, wameiona kwenye spidi ya 45 katikati ya koni na sio mbele ya fuso.

Tumeshaomba nafasi kumi za tukio lijalo. Kaka wa Noah kaandikisha kuendesha IST ya dada, wameshakubaliana watagawana mafuta. Mzee alinipigia Jumanne jioni, yuko kwa fundi tairi, ananisomea namba za ubavuni moja moja kwenye simu anataka nimwambie ni wiki ya ngapi kabla hajalipa.