Khanga, kitenge au mtumba wa Memorial: kitambaa gani kinamfaa mtoto mdogo?

Mama anayeshona nyumbani Moshi hapungukiwi vitambaa. Maduka ya katikati ya mji yamejaa khanga na vitenge, na ukishuka soko la Memorial unakuta marundo ya shuka, taulo na fulana za mtumba. Kazi ngumu ni kuchagua, maana kitambaa kinachopendeza kikiwa kimetundikwa dukani mara nyingi ndicho kinachomwasha mtoto shingoni, au kinachochujia nguo nyingine zote kwenye beseni.

Kwa nguo za mtoto wa chini ya miaka mitano, khanga ya pamba tupu inaongoza. Shuka la mtumba la flana, yaani kitambaa chenye manyoya laini, linaifuata, na ikifika Juni na Julai linaipita. Kitenge kiwekwe kando kwa ajili ya mikoba, aproni na foronya.

Tuanze na khanga, kwa sababu ndiyo yenye mengi ya kuangaliwa. Inauzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa bado vimeungana, na kila kipande ni kama sentimita 150 kwa 110. Khanga mpya nyingi zimetiwa wanga kiwandani, ndiyo maana dukani inaonekana nzito na ukishaifua mara ya kwanza inabaki nyembamba kama chandarua. Shika kona uifikiche kwa nguvu kati ya vidole. Unga mweupe ukidondoka na pale ulipofikicha pakaonyesha matundu ukipainua kwenye mwanga, ujue uzito ule ulikuwa wa wanga. Khanga ya namna hiyo itafaa kujifunga jikoni, lakini gauni la mtoto halitamaliza msimu: litaanza kuchanika kwenye mshono wa kwapa.

Pili, hakikisha ni pamba. Neno la muuzaji halitoshi. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye ncha iliyokatwa, toka nazo nje uziwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na jivu lake ni laini, ukiligusa linasambaratika. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kishanga cheusi kigumu. Mchanganyiko wa pamba na poliesta unaungua halafu unaacha chembe ngumu ndani ya jivu. Muuzaji asiyekubali utoe nyuzi mbili, mwambie asante mama, usogee duka la pili.

Jambo la tatu wengi hulisahau. Kunja khanga katikati, pembe kwa pembe, uangalie kama pindo la upande mmoja linakutana na la upande wa pili. Likipishana kwa zaidi ya sentimita 2, iache. Hapo mapambo yamepigwa yakiwa yamekwenda upande, hayafuati uzi wa kitambaa. Ukikata kwa kufuata pindo, gauni litajizungusha mwilini baada ya kufuliwa. Ukikata kwa kufuata uzi, pindo litaonekana limepanda upande mmoja. Hakuna fundi anayeweza kuliponya hilo kwenye cherehani.

Khanga ikishafika nyumbani, isikatwe kabla ya kufuliwa. Weka alama mbili za uzi zilizoachana sentimita 50 kwa urefu, na mbili nyingine kwa kimo. Loweka kwenye maji ya moto nusu saa, anika, piga pasi, kisha pima tena. Ukikuta 48, imepungua asilimia 4. Pamba huwa inapungua zaidi upande wa nyuzi za urefu, na kwenye khanga nyuzi hizo zinakwenda na ule upande wa sentimita 150. Maana yake ni kwamba gauni lililokatwa pindo likiwa chini litapungua kwenye mzunguko wa mwili kuliko kwenye urefu. Ndiyo sababu gauni la khanga isiyofuliwa hubana kifua huku urefu wake ukiwa bado mzuri, na mama anadhani mtoto amenenepa.

Rangi nyekundu na nyeusi zipimwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa: sugua mara kumi. Kikitoka na rangi, khanga ifuliwe peke yake hadi maji yatoke meupe. Chumvi inayowekwa kwenye beseni haishikilii rangi iliyokwisha kupigwa kiwandani.

Sasa ukataji. Khanga moja ya doti inatoa gauni moja la mtoto wa miaka 2 hadi 3, kaptula moja, na mabaki ya kutosha mdoli na bibu. Ya pili isiguswe mkasi. Pinda ncha zake mbili zilizokatwa, nusu sentimita ikunjwe mara mbili, na hapo una mbeleko.

Gauni ni vipande viwili, kila kimoja upana wa 50 na kimo cha 56, vyote vikianzia kwenye pindo la chini. Jina la khanga liko juu kidogo ya pindo hilo, katikati kabisa. Ukipanga vipande kuanzia kona, jina linakatika: nusu linakaa mbele, nusu nyuma. Kwa hiyo kipande cha mbele kikatwe katikati ya khanga, kuanzia sentimita ya 50 hadi ya 100, na cha nyuma kichukuliwe ubavuni, ambako kitabeba na pindo la wima upande mmoja. Pindo hilo la wima halidhuru kitu, mradi lielekezwe kwenye mshono wa ubavu. Na jina lisomwe kabla ya kukata. Yako majina ya mafumbo na vijembe ambayo mtu mzima anajifunga akijua anamwambia nani. Mtoto wa chekechea asivishwe ugomvi wa watu.

Kila kipande, kwenye pembe mbili za juu, kata mkunjo wa kwapa: sentimita 5 kuingia ndani na 12 kushuka. Shona mbavu. Juu kunja sentimita 1 kisha 2 kupata njia ya lastiki. Tumia lastiki nyembamba ya milimita 6, sentimita 15 kwa mbele na 15 kwa nyuma, na uishike kwa mshono wa kwenda na kurudi kwenye kila ncha. Kwapa na bega vimalizwe kwa ukanda mmoja uliokatwa mshazari, upana sentimita 4 na urefu 36: sentimita 26 zinafunika kwapa, 8 zinakuwa bega, na 2 za kuungia. Ukanda ukikatwa kwa kufuata uzi ulionyooka hautakubali kuzunguka kwapa. Utasimama na kukwaruza. Kamba ndefu za kufunga fundo begani ziachwe, na za shingoni ndiyo kabisa, kwa sababu zinanasa kwenye bembea, kitasa au kitanda, na mtoto mdogo hawezi kujinasua. Bega lishonwe moja kwa moja.

Upande wa pindo la chini ni ukingo uliofumwa, haufumuki, hivyo kunja mara moja tu sentimita 2. Mtoto akirefuka, unafumua hapo na kupata sentimita 2 za bure.

Mbavuni mambo ni mengine. Khanga inafumuka haraka, na mwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga hana ovaloki, ile mashine ya kufunga ncha za kitambaa. Dawa yake ni mshono uliofunika ncha. Weka vipande migongo ikitazamana, yaani uso wa kitambaa uwe nje, shona nusu sentimita kutoka ukingoni, punguza hadi milimita 3, geuza ndani nje, piga pasi, kisha shona tena milimita 7 kutoka ukingoni. Ncha zote zinafungiwa ndani. Nyuzi zikichungulia nje ya mshono wa pili, hukupunguza vya kutosha ule wa kwanza. Unachukua dakika chache zaidi, lakini kwa mtoto unazidi hata ovaloki, maana hauna nyuzi za kukwaruza ngozi.

Sindano iwe namba 11 au 12. Wauzaji wengi watakupa 14 kwa mazoea. Hiyo ni ya kitenge, na 16 ni ya jinzi. Kwenye khanga, sindano nene inatoboa tundu kubwa kuliko uzi, na mshono ukivutwa kidogo matundu yanaungana. Urefu wa hatua uwe milimita 2.5. Mshono ukijikunyata, legeza uzi wa juu kwanza. Ukiendelea, badilisha sindano, kwa kuwa ncha butu husukuma kitambaa badala ya kukitoboa. Uzi wenye manyoya manyoya ni wa kukatikakatika, na manyoya yake yanajaa chini ya meno ya cherehani hadi kitambaa kinagoma kusogea.

Kaptula haina mengi. Kutoka sehemu ya juu iliyobaki, kata vipande viwili vya upana 42 na kimo 35, pindo la juu likigeuzwa kuwa la chini ya mguu. Angalia tu picha za mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga: kama ni kuku au samaki, watasimama kichwa chini. Mkunjo wa tako uingie sentimita 6 nyuma na 4 mbele, kina chake 22.5 kutoka juu. Lastiki ya sentimita 2, urefu 48 ukihesabu na za kuungia.

Kitenge sasa. Kitenge cha waksi cha pamba ni kitambaa imara na rangi zake hudumu, ila ni kigumu. Kwenye gauni la mtoto wa miaka 2 kinasimama kama boksi, na mikunjo ya lastiki inakuwa minene inayoacha alama kwenye ngozi. Kitalainika, lakini baada ya kufuliwa mara nyingi, na wakati huo mtoto ameshalikua gauni. Kwa mkoba wa shule, aproni ya kuchezea rangi, au foronya, hakina mpinzani. Kitenge cha poliesta ni habari nyingine kabisa: hakinyonyi jasho, na pasi ya mkaa iliyokolea inakiyeyusha kikaganda kwenye bati. Kisishonewe mtoto nguo ya kushinda nayo.

Memorial ndiko kwenye flana. Shuka huwa limeliwa katikati, pale palipolaliwa, kwa hiyo liinue kwenye mwanga ulione lote. Katikati pakiwa pamepauka, usilitupe. Ncha za juu na chini na kingo za pembeni huwa bado nzima, na shuka la kitanda kimoja bado linatoa pajama mbili za mtoto wa miaka 3. Vuta ukingo kwa mikono miwili kwa nguvu ya kawaida. Likitoa sauti ya kuchanika, liache. Lifue kwa maji ya moto sana kabla ya kukata, na nguo yoyote ya mtoto iliyoanikwa nje ipigwe pasi ya moto pande zote na kwenye mishono, kwa sababu ya nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na mabuu yake kuingia kwenye ngozi.

Kwa walioko Kibosho, Machame na Marangu, ambako baridi inauma kuliko mjini, kuna jambo moja la flana ambalo linahitaji kusisitizwa. Manyoya yake laini yanashika moto haraka sana, na moto unakimbia juu ya kitambaa kabla mtu hajageuka. Pajama ya flana ikatwe iukaribie mwili, mikono iwe myembamba yenye lastiki, isiwe gauni pana la kulalia, na mtoto aliyeivaa asiachwe karibu na jiko la mkaa au mafiga.

Fulana za mtumba ni laini na mtoto atazipenda, lakini zinahitaji sindano ya ncha ya mviringo na mshono unaovutika. Mshono wa kawaida wa cherehani ya kukanyaga unakatika shingo ya fulana inapopita kichwani. Mpelekee fundi mwenye ovaloki.

Mabaki ya khanga yanatosha mdoli wa sentimita 25. Kitambaa kiwe tabaka mbili, vinginevyo nyuzi za sufi ya kujazia, ile ya mti wa msufi, zitapenya nje. Shona kwa hatua ya milimita 1.5 hadi 2, chanja mikunjo ya shingo na kwapa hadi karibu na mshono bila kuugusa, maana pasipochanjwa shingo itakunjamana ukigeuza, na acha tundu la sentimita 6 ubavuni. Jaza mikono na miguu kwanza kwa mpini wa kijiko, shingo ujaze kwa kushindilia, la sivyo kichwa kitaanguka ndani ya wiki. Macho yadariziwe kwa uzi. Vifungo vya shati havifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kwa sababu atavitafuna hadi ving'oke na vinaweza kumkaba koo. Sufi ni nyepesi na laini, ila ikilowa inashikana mabonge na kukauka kwa shida, hasa wakati wa masika. Kwa hiyo ishone kwanza ndani ya mfuko wake wa kitambaa cheupe, uuvalishe khanga juu kama nguo, na mgongoni uache mwanya wa kufunga kwa mishono mirefu ya mkono. Khanga inafuliwa, mfuko wa sufi unaanikwa juani tu.