Fundi wa Mlandege na buibui langu la bizari
Kazini kwetu sote mabuibui meusi, utadhani tumo matangani. Nilichoka. Nikampelekea fundi mmoja wa uchochoroni Mlandege, hapa mjini Unguja, mita 4 za krepu, rangi ya bizari, nikamwambia ncha za mikono azitie zambarau iliyoiva hasa. Akacheka: "Bibie, utaonekana mpaka Bububu!"

Mshono hauna kasoro. Upindo kaushona kwa mkono, uzi huuoni hata ukiusogeza machoni. Ila hiyo zambarau, lo! Nilipolifua mara ya kwanza beseni zima likawa wino, na bizari ikashika madoa mkononi. Kabadilisha bure, bila ya kununa, lakini kaniweka siku 9.

Nishampelekea jengine, kijani cha jani la mkungu. Safari hii kitambaa nimekiroweka mwenyewe kwanza.