Jiotekstaili nyuma ya ukuta wa bahari: nunua isiyofumwa

Ardhi ikititia nyuma ya ukuta, kumwaga kifusi juu ni kutupa hela. Maji yakipwa, mchanga unatoka tena kwenye nyufa. Jiotekstaili isiyofumwa, yaani kitambaa cha nyuzi za plastiki zilizoshikamanishwa bila kufumwa, gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, huzuia mchanga na kupitisha maji. Chimba hadi chini ya ufa. Kokoto safi zikae upande wa ukuta, kitambaa kifuate, kilegee kidogo, vipande vipandane sentimita 30 au zaidi. Mchanga ushindiliwe kila sentimita 20. Kasoro ya kitambaa ni jua: kisiachwe wazi wiki kadhaa. Turubai la plastiki, wanalolipenda mafundi wengine kwa urahisi wa bei, hufungia maji nyuma yakausukuma ukuta. Na matundu ya kutolea maji, tafadhali, yasizibwe kwa saruji.