UC na Daimondi Nje ya Google Play: Maduka Ninayoyaamini na Wauzaji Ninaowakwepa

Nijitambulishe kwanza ili ujue maoni haya ni ya nani. Mimi nacheza PUBG Mobile, mpwa wangu ni mtu wa Free Fire, zote gemu za kupigana risasi kwenye simu. UC ndiyo sarafu ya ndani ya gemu yangu, daimondi ni ya gemu yake, na hela ya kuzinunua zote inatoka kwenye simu yangu. Tunanunua kidogo kidogo. Wale wa kufungua makasha ya bahati nasibu ya humo kwenye gemu mpaka alfajiri wana mambo yao mengine, sina ushauri nao.

Watu huniuliza kwa nini nihangaike na maduka ya nje wakati kitufe cha kununua kimo humo humo kwenye gemu. Sababu ya kwanza ni namna ya kulipa. Binamu yangu wa Mombasa ameunganisha M-Pesa yake na Google Play, anabonyeza tu imeisha. Mimi huku Dar nimezoea kadi ya mtandaoni, ile unayoitengeneza kwenye menyu ya M-Pesa na kuijazia hela yako mwenyewe. Ukishakuwa na kadi ya namna hiyo, hulazimiki kununua kwenye dirisha moja.

Sababu ya pili ni bei, na hapa inabidi ujue hela inapopita. Unaponunua ndani ya gemu, Google au Apple hukata fungu lao, ambalo kwa kampuni kubwa limekuwa likifika asilimia 30. Ndilo lililozaa ule ugomvi wa gemu ya Fortnite: Agosti 2020 wenye gemu hiyo, Epic Games, waliweka malipo yao wenyewe ndani ya gemu, wakashusha bei ya V-Bucks, sarafu ya humo ndani, kwa asilimia 20 kwa anayelipa kwao moja kwa moja, na Apple na Google wakaiondoa Fortnite dukani siku hiyo hiyo. Wakubwa walikwenda mahakamani. Sisi wa chini tunachopaswa kukielewa ni kwamba punguzo la kweli lina mahali linapotoka. Duka la wavuti halilipi fungu hilo, kwa hiyo linaweza kukuongezea UC za bonasi au kukupunguzia kidogo na bado likapata faida.

Lakini kidogo ni kidogo. Bei za kawaida za PUBG Mobile ni dola 0.99 kwa UC 60, dola 4.99 kwa UC 325 na dola 9.99 kwa UC 660. Free Fire huanzia daimondi 100 kwa dola 0.99. Hizo ndizo bei ninazozishika kichwani kama mama wa sokoni anavyojua bei ya nyanya. Duka likiniambia 660 kwa dola 9 na ushee, nalisikiliza. Mtu akiniambia 660 kwa dola 4, sihitaji kusikia zaidi, kwa sababu hakuna mahali alipozipata kihalali kwa bei hiyo.

Sasa ununuzi wenyewe. Kwa PUBG Mobile na Free Fire, duka la kweli linahitaji ID yako ya mchezaji tu. Ndani ya Free Fire unagusa picha yako juu kushoto, namba iko chini ya jina, na pembeni yake kuna alama ya kunakili. Inakili, usiikariri. Ukiibandika kwenye duka na kuchagua kifurushi, kabla ya kulipa linakuonyesha jina la mchezaji mwenye namba hiyo. Ni kama kutuma hela kwa simu: unaingiza namba, jina la mwenye namba linatokea, ndipo unaweka namba ya siri. Jina la mpwa wangu limejaa vile vipembe na misalaba wanayopenda vijana, na zamani nilimwona mshamba kwa hilo. Siku hizi namshukuru, maana likitokea kwenye skrini halifanani na la mtu mwingine yeyote duniani. Tarakimu moja ikikosewa, daimondi zitamwangukia mtu usiyemjua, na maduka mengi hayarudishi kosa la namba.

Duka lisiloonyesha jina kabla ya kulipa mimi nalipita, hata kama lina ofa.

Ninakonunua mara nyingi ni Midasbuy kwa UC zangu, na Codashop pale linapouza gemu ninayoitaka kwa nchi niliyoichagua. Midasbuy ni ya Tencent wenyewe, watu wa PUBG Mobile, kwa hiyo kuiita duka la nje ni kuionea kidogo. Codashop ni ya Coda Payments, kampuni ya Singapore iliyoanzishwa 2011, na inafanya kazi na wenye gemu. Kote huko hukuti mahali pa kuandika nywila ya akaunti ya gemu. Unaingiza ID, unaona jina, unalipa, risiti inakuja kwa barua pepe. UC zikiingia, salio lako linabadilika ukiwa bado kwenye lobi, ule ukurasa wa kusubiri mechi. Ikichelewa, toka kwenye gemu uingie tena kabla hujaanza kuandika malalamiko.

Jambo la kuangalia ni nchi. Orodha ya gemu, bei na njia za kulipa vinabadilika kwa nchi unayoichagua juu ya ukurasa, na kuna ID zinazokataliwa kwa sababu akaunti ni ya seva ya eneo lingine. Ukiona neno la kukataa ID, usikimbilie kujaribu nchi zote mpaka ikubali. Vivyo hivyo kwa matoleo: UC ya BGMI, ile PUBG ya India, haiingii kwenye akaunti ya Global, yaani toleo la kimataifa, na kuna wauzaji wanaoitangaza kwa bei nzuri bila kusema ni ya wapi.

Kuna duka jingine, jina nitaliacha, nililowahi kulitumia kwa sababu lilikuwa na bonasi nzuri. Nikalipa, SMS ya makato ikaja, kwenye ukurasa oda ikaandika "inashughulikiwa" na ikabaki hivyo usiku kucha. Mpwa wangu alikuwa ananipigia kila baada ya muda mfupi. "Mjomba, shikamoo. Hazijaingia bado?" Hazijaingia, baba, kalale. Kilichonisaidia ni karatasi zangu: namba ya oda, skrinshoti ya ukurasa wenye ID na jina, na ile SMS ya makato yenye saa na kiasi. Huduma kwa wateja wao walijibu kesho yake, wakaomba hivyo hivyo vitatu, na daimondi zikaingia mchana. Kwa hiyo siwezi kusema ni matapeli. Ila bonasi yao haikunilipa ule usumbufu, na sijarudi.

Hao bado ni maduka. Wanaonitisha ni wale wa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegramu, wenye picha ya gari na maneno "trusted seller" kwenye wasifu. Mmoja nilimwandikia kumwulizia bei. Akajibu: "Boss nitumie email na paswedi, dakika tano tu nakujazia." Nikamwambia nina ID, hiyo paswedi ya nini? Akasema ndiyo njia ya bei nafuu. Hapo pana ukweli, kwa namna yake: akiwa ndani ya akaunti anaweza kununua kupitia stoo ya nchi ambayo bei ziko chini, au kwa njia nyingine ambazo hawezi kukutajia. Na akiwa ndani anaweza pia kubadilisha barua pepe na kukuacha nje ya akaunti uliyoijenga kwa miaka. Akaunti ya Free Fire iliyounganishwa na Facebook ina maana umempa na Facebook yako, pamoja na marafiki zako wote wa kuwakopa hela.

Wengine hawaombi nywila, wanaomba "kodi itakayoingia kwenye simu yako", yaani tarakimu za uthibitisho. Kodi hiyo ndiyo mlango wenyewe. Wachezaji wa Clash of Clans na Brawl Stars wanalijua hili vizuri, kwa sababu Supercell ID, akaunti ya kampuni yenye gemu hizo, inaingiwa kwa tarakimu zinazotumwa kwenye barua pepe. Ukimsomea mtu zile tarakimu, umemfungulia. Supercell wana duka lao la wavuti na wameweka wazi kwamba jemu (sarafu ya gemu zao) za kununuliwa kwa watu wa pembeni zinaweza kuondolewa na akaunti kufungiwa. Kwa gemu zao sina habari na mtu wa kati.

Kisha kuna aina ya utapeli ambao haukuumi siku ya kwanza, na huu ndio watu wengi mtaani hawauelewi. Rafiki yangu wa skwadi, tunayecheza naye kikosi kimoja, alinunua UC nyingi kwa nusu bei kwa muuzaji aliyeomba ID tu. Zikaingia papo hapo. Akatuonyesha, akatuita waoga. Akanunua Royale Pass, ile tiketi ya zawadi za msimu, akafungua makasha, akavaa nguo mpya. Wiki kadhaa baadaye akaingia kwenye gemu akakuta salio la UC liko chini ya sifuri.

Kilichotokea ni hiki. Mwizi ana namba za kadi ya mtu, tuseme mtu wa Ulaya. Hawezi kuchota hela taslimu kwa kadi hiyo, lakini anaweza kununua UC na kuziingiza kwenye ID yoyote. Kwa hiyo anatafuta mteja kama rafiki yangu, anampa UC, anapokea shilingi safi kwenye simu. Mwenye kadi akiona taarifa ya benki analalamika, benki inairudisha hela yake kutoka kwa mwenye gemu, na mwenye gemu anazifuata UC zake zilipo. Zikiwa zimeshatumika, unabaki unadaiwa. Muuzaji wakati huo ameshabadilisha laini. Wengine hufanya mchezo huo kwa kuomba Google wawarudishie hela ya ununuzi, lakini mwisho wake unafanana.

Ndiyo maana kuingia haraka si ushahidi wa usalama. UC za wizi zinaingia haraka kuliko hata za halali, maana muuzaji ana haraka kuliko wewe.

Kadi za zawadi na misimbo ni njia ya katikati ambayo mimi naikubali kwa masharti. Uzuri wake ni kwamba muuzaji hahitaji kujua hata ID yako: anakupa msimbo, unaukomboa mwenyewe kwenye ukurasa wa wenye gemu. Ubaya ni kwamba msimbo ukisema umeshatumika, ni neno lako na lake. Mimi huanza kurekodi skrini kabla ya kuufungua ujumbe wenye msimbo, na sizimi mpaka nimeuingiza na jibu limetokea. Kwa kadi za Google Play, angalia nchi kabla ya kulipa. Kadi ya Marekani haifanyi kazi kwenye akaunti ya Google ya Tanzania au Kenya, na muuzaji atakwambia ubadilishe nchi ya akaunti kana kwamba ni kubadilisha soksi, wakati Google hukuruhusu kufanya hivyo mara moja tu kwa mwaka.

eFootball, ile gemu ya mpira, niliiacha pembeni kwa makusudi, ingawa najua ndiyo gemu ya kijiwe kizima. Ukikutana na muuzaji wa koini anayetaka aingie kwenye akaunti yako ya Konami "akujazie", mambo ni yale yale ya yule wa paswedi. Nunua ndani ya gemu, hata kama inauma.

Tovuti za "daimondi za bure" sina haja ya kuzichambua.

Kuhusu kulipa, kadi ya mtandaoni naijazia kiasi cha ununuzi na cha mabadiliko ya dola, basi. Tovuti ikitaka kuihifadhi kadi, nakataa. Na kama muuzaji anasema ni kampuni lakini anataka nitume kwenye namba ya mtu binafsi badala ya lipa namba, jina linalotokea kwenye simu ndilo ninaloliangalia: likiwa la mtu na duka lina jina lingine, naghairi muamala hapo hapo.

Mpwa wangu nimemwekea utaratibu. Haingizi hela kwa mtu yeyote, ananitumia ID na kifurushi anachotaka, mimi nanunua mbele yake akija nyumbani. Juzi alikuja na elfu tano yake mkononi, akaniambia darasani kuna mwenzake anauza daimondi 1,000 kwa hela hiyo hiyo. Nikamwuliza anaomba nini. "ID na Facebook, mjomba." Tukanunua uanachama wa wiki, ambao kwa mtu anayeingia kwenye gemu kila siku unatoa daimondi nyingi kwa hela ndogo kuliko kifurushi cha kawaida, sharti akumbuke kuzichukua kila siku. Alinuna kidogo, akazichukua.

Kwa nyota: Midasbuy na Codashop nawapa nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu bei inaandikwa kwa dola na mimi nalipa kwa shilingi, kwa hiyo kiasi kamili cha makato nakijua SMS ikishafika. Lile duka la oda iliyolala usiku kucha, tatu. Wauzaji wa magrupu sina nyota ya kuwapa.